Usinisahau Katika Dua Zako

Safwan bin Abdullah alipofika Sham alikwenda moja kwa moja kwa wakwe zake. Alikuwa amemwoa Dardaa, binti wa Swahaba Abu Dardaa. Mzee hakuwepo, aliyemkuta nyumbani ni mama mkwe, Ummu Dardaa. Baada ya kuamkiana, mama akamwuliza kama mwaka ule alikuwa na nia ya kwenda Hija. Safwan akasema ndiyo. Mama hakumwagizia kitu. Alimwomba awaombee kheri huko aendako, kisha akamweleza sababu: Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba dua ya Muislamu kwa ndugu yake asiyekuwepo hujibiwa, na kwamba kichwani pa mwombaji huyo husimama malaika aliyepewa kazi maalumu. Kila anapomtakia ndugu yake jambo jema, malaika huitikia amina na kumwombea naye apate mfano wa hilo.

Safwan akaaga, akaelekea sokoni. Huko akakutana na Abu Dardaa mwenyewe, naye akamwambia maneno yaleyale.

Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim, na wasomaji wengi hukipita haraka ili wafikie ile habari ya malaika. Lakini yafaa kutua kidogo kwa watu wenyewe. Mke yuko nyumbani, mume yuko sokoni, hawakuambizana chochote, na kila mmoja anamwambia mkwe wao jambo moja. Hilo halitokei ila pale ambapo jambo limeshakuwa mazoea ya nyumba. Dhahabi, mwanahistoria wa Damascus wa karne ya 14, amenukuu habari kutoka kwa Ummu Dardaa kwamba mumewe alikuwa na marafiki 360 aliopendana nao kwa ajili ya Mungu, na kwamba alikuwa akiwaombea ndani ya swala. Ummu Dardaa naye hakuwa mke wa kusikiliza tu. Jina lake ni Hujaima, na alikuwa mwanachuoni aliyefundisha Damascus, hata Khalifa Abdulmalik bin Marwan alikuwa akihudhuria darasa zake.

"Usinisahau katika dua zako." Katika miji ya Waswahili maneno hayo husikika kila anapoagwa hujaji, kila anapoondoka mgeni, kila simu ya mtu aliye mbali inapokaribia kukatwa. Hutamkwa kwa wepesi na hujibiwa kwa wepesi: inshallah. Wengi wanaoyasema wanayakusudia. Aliyeombwa, hata hivyo, akifika mwisho wa siku huwa ameyasahau, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuna mahali alipoyaweka. Na hapo ndipo penye utajiri wa jambo hili: Uislamu haukuacha kuombeana kuwe fadhila ya mtu mmoja mmoja anapokumbuka. Umekuchomeka ndani ya ibada za kila siku, kiasi kwamba mwenye kuswali hana njia ya kukukwepa hata akitaka.

Tuanze na Fatiha. Muislamu anayetimiza swala zake tano za faradhi huisoma mara 17 kwa siku, na ombi lililomo ndani yake limewekwa kwa wingi. Anayeswali peke yake chumbani, mlango umefungwa, bado anamwomba Mungu awaongoze "sisi". Hamtaji mtu, lakini hayuko peke yake katika ombi lake. Akifika kwenye tahiyatu hujitakia amani yeye na wenzake, kisha huwatakia amani waja wote wema wa Mungu. Kwa mapokezi ya Ibn Mas'ud yaliyomo katika Bukhari, Mtume aliwaeleza maswahaba kwamba mtu akisema hivyo salamu hiyo humfikia kila mja mwema aliye mbinguni na ardhini. Mvuvi wa Lamu anayeswali alfajiri kabla ya kuingia baharini amewaombea watu wa China, wa Bosnia na wa Senegal asiowajua, na wao wamemwombea yeye.

Ijumaa nayo ina lake. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, hotuba ya Ijumaa ina nguzo tano, na mojawapo ni kuwaombea dua waumini katika hotuba ya pili. Si pambo la kumalizia. Khatibu akiiacha, hotuba yake haijatimia. Vivyo hivyo swala ya jeneza: haina rukuu wala sijida, na kumwombea maiti ni nguzo yake. Ukiiondoa dua hiyo, hiyo swala haipo. Watu mia mbili wanasimama safu kwa safu kwa ajili ya mmoja asiyeweza tena kujiombea, na wengi wao pengine hawakuwahi hata kuzungumza naye.

Swala ya jeneza ya aliye mbali ina asili yake barani Afrika. Mfalme wa Uhabeshi, Najashi, aliyewapokea Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka, alipofariki, Mtume aliwatangazia watu wa Madina habari hiyo siku ileile. Akatoka nao hadi uwanja wa kuswalia, akawapanga safu, akapiga takbira nne. Bahari ya Shamu ilikuwa kati yao na kaburi. Wengi wa waliosimama siku ile hawakumwona mfalme huyo hata mara moja, ila walijua alivyowatendea ndugu zao. Maulamaa wa Kishafi waliichukua habari hii kuwa hoja ya kuruhusu kumswalia maiti aliye mji mwingine, na ndiyo maana familia za pwani zilizofiwa na mtu wao aliye Maskat au London huweza kukusanyika msikitini kwao zikamswalia.

Mambo madogo ya siku nayo hayakuachwa. Mtu akipiga chafya husema Alhamdulillahi, aliyemsikia humwombea rehema, na yeye humrudishia kwa kumwombea uongofu na kutengenekewa mambo yake. Dua tatu zimepita kwa sababu ya chafya moja. Aliyekula kwa watu humwombea mwenye nyumba baraka. Aliyekwenda kumwangalia mgonjwa humwombea shifaa. Hata ile Assalamu alaykum inayotamkwa mlangoni, kwenye daladala na kwenye kaunta ya duka ni dua kamili ya amani, ingawa mazoea yameifanya isikike kama hodi.

Kuhusu chafya kuna habari inayofaa hasa kwa mitaa yetu, ambako Muislamu na Mkristo wanachota maji bomba moja. Abu Musa al-Ash'ari amesimulia kwamba Wayahudi walikuwa wakijilazimisha kupiga chafya mbele ya Mtume wakitarajia awaombee rehema. Yeye alikuwa akiwaombea uongofu na Mungu awatengenezee mambo yao. Mapokezi haya yako kwa Abu Daud na Tirmidhi. Maulamaa wanakubaliana kwamba kumwombea asiyekuwa Muislamu aongoke ni jambo jema, na wengi wameona hakuna ubaya kumwombea afya na riziki. Lililokatazwa na Qur'ani ni kumwombea maghufira aliyekwisha kufa akiwa katika ushirikina. Jirani anayeumwa hahitaji kuulizwa dini yake kwanza ndipo aombewe apone.

Kisha kuna nyiradi. Kuvuta uradi, kama wasemavyo wazee wa pwani, ni kukaa asubuhi baada ya Alfajiri na jioni kuelekea Magharibi mtu akazipitia dhikri na dua zilizopokewa kutoka kwa Mtume: Ayatul Kursiy, sura tatu fupi za mwisho wa msahafu, dua za kinga, istighfari, kumswalia Mtume. Katika karne ya 13 Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277 akiwa na umri wa miaka arubaini na kitu tu, alizikusanya katika kitabu chake Al-Adhkar, akazipanga kwa nyakati na hali: za kulala, za kuamka, za safari, za kula, za mvua, za mgonjwa, za aliyefiwa. Mwaka 1988 mwanachuoni wa Saudi Arabia, Said bin Ali al-Qahtani, alimaliza kijitabu cha Hisnul Muslim. Ni kidogo cha kutia mfukoni, nacho kimefasiriwa kwa lugha nyingi sana, Kiswahili kikiwamo. Siku hizi kimo pia kwenye simu, na kuna programu zinazomkumbusha mtu saa ya uradi wake.

Pwani ilikuwa na nyiradi zake kabla ya hapo. Mashuhuri zaidi ni Ratibu ya Haddad. Aliyeitunga ni Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyezaliwa mwaka 1634 na kupofuka akiwa mtoto mdogo kwa ugonjwa wa ndui. Mwaka 1071 Hijria, usiku wa 27 wa Ramadhani, mwanafunzi wake mmoja kutoka upande wa Shibam alimwomba awawekee watu wa kijiji chake uradi wa kuusoma pamoja. Akawawekea. Masharifu na wafanyabiashara wa Kihadhrami waliupakia majahazini pamoja na tende na ubani, ukashuka Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Desturi ni kuusoma baada ya Isha, na katika Ramadhani kuutanguliza kabla ya Isha ili usigongane na tarawehe.

Anayeuhudhuria kwa mara ya kwanza huona kitu ambacho hakukitarajia. Nusu ya awali ni aya, tahlili na dua za kinga. Baada yake zinafuata Fatiha, na kila Fatiha imeelekezwa kwa watu: kwa roho ya Mtume, kwa masharifu, kwa maulamaa, kwa mtungaji mwenyewe, kwa wazee waliotangulia, kwa wagonjwa, kwa wasafiri, kwa Waislamu wote. Hapo ndipo mzee anapoinua sauti kutaja jina la mtu wa mtaa aliyelazwa hospitali, au wa baharini ambaye bado hajarejea, na kikao kizima kinaitikia amina. Wapo maulamaa wanaouona utaratibu huu wa kukaa pamoja kwa idadi na mpangilio maalumu kuwa ni uzushi, na mjadala huo una vitabu vyake. Hata hao hawapingi kiini chake. Kuwaombea ndugu, walio hai na waliokufa, wanakubaliana nako wote, kwa sababu kumo ndani ya Qur'ani yenyewe: katika dua ya Nabii Nuhu, katika dua ya Nabii Ibrahimu, na katika aya ya Suratul Hashri inayowasifu wanaokuja nyuma wakiwaombea maghufira ndugu zao waliowatangulia katika imani.

Nuhu na Ibrahimu wana funzo jingine la adabu. Wote wawili walijianza wenyewe, wakafuatia wazazi, kisha wakawaeneza waumini. Anayedhani ucha Mungu ni kujisahau kabisa hakufundishwa hivyo na Mitume. Mtu hujiombea, na pumzi hiyohiyo huifikisha kwa wengine.

Kwa nini basi dua ya kumwombea asiyekuwepo ipewe daraja hiyo? Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kwamba ndiyo iliyo safi zaidi katika ikhlasi. Anayemwombea mtu usoni pake huenda anataka kupendwa naye, au kusikika na waliopo. Anayemtaja mwenzake kwenye sijida usiku, na mwenzake amelala mji mwingine bila habari, hana cha kutarajia kutoka kwake, hata neno la ahsante. Nawawi akaongeza kwamba baadhi ya wema waliotangulia, wakitaka kujiombea jambo, walikuwa wakimwombea kwanza ndugu yao jambo lilelile, kwa kuwa dua hiyo hujibiwa na wao hupata mfano wake. Mwenye deni akamwombea mwenye deni mwenzake. Asiye na mtoto akamwombea asiye na mtoto. Faida ya hilo inaonekana hata kabla ya kufika majibu: ni vigumu sana kumhusudu mtu ambaye kila usiku unamwombea azidishiwe.

Lipo swali linalouma zaidi: vipi kumwombea aliyekukosea? Hapa kisa cha kabila la Dausi kinasema mengi. Tufail bin Amr alirudi kwa Mtume akiwa amekata tamaa na watu wake. Wameukataa Uislamu, wamekaidi, akataka waapizwe. Waliokuwepo walidhani Dausi wamekwisha. Mtume akamwomba Mungu awaongoze Dausi na awalete. Miaka kadhaa baadaye Tufail aliwaleta kina Dausi Madina kwa familia nyingi. Kabila hilo ndilo la Abu Huraira.

Na Abu Huraira naye ana kisa chake, kilichomo katika Sahihi Muslim. Mama yake alikuwa bado hajasilimu, naye kila siku alimsihi bila mafanikio. Siku moja mama alitamka maneno mabaya juu ya Mtume. Abu Huraira akaenda kwa Mtume analia, akamwomba amwombee mama yake uongofu. Mtume akaomba. Kijana akarudi nyumbani kwa haraka, akakuta mlango umerudishwa, akasikia maji yanamwagika ndani, na sauti ya mama ikimwambia asubiri hapohapo. Mama alikuwa anaoga. Akavaa, akafungua kwa pupa hata mtandio hakuwahi kujitupia, akatamka shahada. Mwana akarudi tena kwa Mtume analia, safari hii kwa furaha. Akaomba nyongeza: yeye na mama yake wapendwe na waumini, na waumini wapendwe nao. Akaombewa. Leo hakuna darasa la hadithi, Kariakoo au Mombasa, ambamo jina lake halitajwi na kuombewa radhi, maana hadithi zilizopokewa kwake, kwa kuhesabu na zinazojirudia kwa njia mbalimbali, zinapita 5,000.

Katika baadhi ya vitongoji vyetu, kinachotangulia kumjia mtu aliyeibiwa au aliyedhulumiwa ni kuwasomea watu Halbadiri, dua ya kuwataja mashujaa wa vita vya Badri, ili mwizi afikwe na baya. Jina hilo limekuwa tishio: hutajwa mtaani na kitu kilichopotea hurudishwa usiku kimyakimya. Aliyedhulumiwa ana haki ya kumlalamikia Mola wake, na dua yake haina kizuizi, hilo limethibiti. Lakini ni msiba majina ya watu wa Badri, waliojitoa kwa ajili ya wenzao, kujulikana na vijana kwa njia ya laana pekee. Mfano wa Dausi ulikuwepo, na ulipaswa kufundishwa kwanza.

Dua haikuwekwa badala ya kutenda. Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639, ukame mkali uliipiga Hijazi hadi mwaka wenyewe ukaitwa wa majivu. Khalifa Umar alituma barua kwa magavana wake walete chakula, na misafara ikaja. Wakati huohuo aliwatoa watu kuomba mvua, akamtanguliza Abbas, ami yake Mtume, awaombee. Mvua ikanyesha, kwa mapokezi ya Anas yaliyo katika Bukhari. Umar hakuona mgongano kati ya barua na dua. Anayemwombea mgonjwa shifaa huku gari lake limeegeshwa na mgonjwa hana nauli ya kwenda hospitali amechukua nusu ya mfano huo.

Umar huyohuyo, kwa cheo chake chote, aliwahi kumwomba mtu wa kawaida amwombee maghufira. Alikuwa akiwauliza wanaokuja kutoka Yemen habari za Uwais wa Qaran, mtu mwenye alama ya mbaranga iliyobaki kiasi cha dirhamu moja, anayemtunza mama yake. Mtume alikuwa amemweleza habari zake na kumwambia kwamba akiweza kuombewa na mtu huyo, basi aombewe. Alipompata akamwomba dua, akapewa. Kisha akamwuliza anaelekea wapi. Uwais akasema anakwenda mji wa Kufa. Umar akataka amwandikie barua kwa gavana wa huko. Uwais akakataa, akasema anapenda zaidi kuwa miongoni mwa watu wasiojulikana.

Na majibu yasipoonekana? Kwa mapokezi ya Abu Said al-Khudri yaliyo katika Musnad ya Imam Ahmad, dua isiyo na dhambi wala kukata udugu haikosi moja katika matatu: kupewa upesi kilichoombwa, kuwekewa Akhera, au kuepushiwa baya la kiasi chake. Kilichokatazwa ni pupa, mtu kusema ameomba na hakujibiwa, kisha akaacha.

Anayetaka kuanza hana haja ya kitabu kikubwa. Sijida ipo, nayo ni mahali mja alipo karibu zaidi na Mola wake. Upo muda kati ya adhana na ikama, ambao wengi huumaliza kwa simu mkononi. Ipo theluthi ya mwisho ya usiku. Majina machache yanatosha: wazazi kwanza, mwalimu aliyemfundisha alifu na be, jirani anayeumwa, ndugu aliyekosana naye, na yule aliyesema "usinisahau" wiki iliyopita. Imam Ahmad bin Hanbal alikuwa na majina sita aliyoyataja kila alfajiri kabla ya adhana, na mmoja wao ni Imam Shafi, mwalimu wake aliyetangulia kufa mwaka 820. Shafi aliacha mtoto wa kiume. Ahmad alipokutana na kijana huyo alimwambia: baba yako ni mmoja wa wale sita.